Pambo la Leo, Kazi ya Jana: Habari za Gurudumu katika Njia Mbovu

Katika Gerezani ya Dar es Salaam, ambako mafundi wa magari wamekusanyika miaka na miaka kama wavuvi wakusanyikavyo ufukweni, niliona asubuhi moja magurudumu mawili yameegemezwa ukutani yakingoja hukumu. Moja lilikuwa la chuma, limepakwa rangi nyeupe iliyokwisha kubabuka, halina sura ya kumsimamisha mpita njia. La pili lilikuwa la aluminiamu, jeusi, la mikono sita, na ukingo wake umezungukwa na boliti ndogo ndogo zinazometa mfano wa njumu katika kiti cha enzi. Yote mawili yalikuwa yamerudi kutoka bara, na yote mawili yalikuwa yamepigwa na jiwe: la chuma lilipinda ukingo, la aluminiamu likaingia ufa mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka lilipopanguswa vumbi.

Fundi alilitwaa lile la chuma, akalilaza juu ya gogo, akaanza kuligonga kwa nyundo taratibu, kama mfua shaba agongavyo sinia. Kisha akalivika katika ekseli kuukuu, akalizungusha, akalisogezea kipande cha chaki mpaka chaki ikaandika pale palipotokeza, akaligonga tena. Haikupita nusu saa likawa limenyooka kwa kadiri ya kutembelewa. Lile la pili hakuligusa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila ya kuinua kichwa: “Mzee wangu, chuma kikikosea hutubu. Hii ikikosea haina toba.”

Swali la kuchagua gurudumu kwa jicho au kwa njia, watu hulidhani kuwa ni swali la vijana wa siku hizi, wenye magari marefu yaliyoinuliwa juu na matairi yenye meno. Walakini ni swali la zamani kama gurudumu lenyewe katika nchi zetu, na mwenye kuifuata historia yake huona jambo moja likijirudia kila zama, nalo ni kwamba karibu kila kinachoitwa pambo katika gurudumu leo kilikuwa kazi jana: kilifanywa kwa sababu njia ilikidai, kikapendwa kwa sababu kilifaulu, na hatimaye kikaigwa na watu ambao njia hiyo hawataiona katika maisha yao.

Tuanze na wakati ambao gurudumu lilikuwa halijafika bara. Kwa miaka mingi pembe za ndovu ziliteremka kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo juu ya mabega ya watu, na nguo na shanga zikapanda kwa njia iyo hiyo, wala haikuwa kwamba watu wa pwani hawakulijua gurudumu, kwani vyombo vyao vilifika Bara Hindi, ambako gari la ng'ombe lilikuwa jambo la kila siku, na hata neno letu “gari” tumelitwaa huko. Kizuizi kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa mtu: mbung'o, ambaye humwuma ng'ombe, farasi na punda, na mnyama akadhoofika mpaka akafa njiani. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society, aliijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa pamoja na ng'ombe wachache, akarudi na habari njema kwamba magari yaweza kupita. Lakini mwaka uliofuata, msafara wa magari ulipokuja kwa kuamini habari hizo, ng'ombe walikufa wengi, na mizigo ikarudi vichwani mwa mapagazi. Yale magari hayakuwa na kasoro katika mbao zake wala katika chuma chake. Kasoro ilikuwa katika kudhani kwamba gurudumu huchaguliwa peke yake, ilhali shurti lichaguliwe pamoja na kilivutacho na ardhi ilipitiayo.

Katika miji ya pwani gurudumu lilipata makao mapema. Mikokoteni ya mahamali wa Unguja na Mombasa ilitembea juu ya magurudumu ya mbao yaliyovikwa pete ya chuma, na uvikaji wake ulikuwa ufundi wa kutazamika: pete hutiwa motoni mpaka ikatanuka, ikavikwa juu ya mbao ingali nyekundu, kisha ikamwagiwa maji kwa ghafula, ikanywea na kuzibana mbao zote zikawa kitu kimoja. Hapakuwa na msumari uliofanya kazi kubwa kama baridi ile ya maji. Gurudumu namna hiyo hudumu miaka, lakini halina huruma kwa mzigo wala kwa masikio, na nje ya mawe ya mjini, katika mchanga, pete yake nyembamba huzama kama kisu katika nyama.

Dawa ya mshindo huo ilitoka Ulaya. Mskoti Robert William Thomson alikuwa amekwisha kuandikisha gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini alitangulia mno, asipate wa kumfuata. Ikawa ni mwaka 1888 ambapo John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alilifufua wazo hilo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe, na mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Michelin, wakaendesha motokaa yenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, wakapata pancha nyingi kupita hesabu ya uvumilivu wa watu wengi, lakini wakafika. Tangu hapo ikajulikana kwamba kinachobeba gari si mpira, bali ni upepo uliomo ndani yake. Na hili ni neno la kulihifadhi, maana mbele litatusaidia kupima uzuri na manufaa.

Tarehe 10 Agosti 1907 askari wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyoundwa Gaggenau, akinuia kulivuka bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari. Gari lile liliinuliwa juu ya magurudumu makubwa ili tumbo lake lipite juu ya visiki na mawe, na petroli yake ilitangulizwa na mapagazi katika vituo vya njiani, hata mtu angeweza kusema kwamba motokaa ile ilisafiri kwa miguu ya watu kabla ya kusafiri kwa magurudumu yake. Aliwasili Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya karibu miezi ishirini na moja. Ukizitazama picha za gari lile leo, miguu yake mirefu yaonekana kuwa ya majivuno. Wakati ule haikuwa na majivuno yoyote, ilikuwa ni hofu ya visiki.

Gari la Ford la namna ya T, lililoanza kuundwa Marekani mwaka 1908, lilikuja na gurudumu refu na jembamba, lenye mikono ya mbao: tairi la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 30 na upana wa inchi 3, na la nyuma upana wa inchi 3 na nusu tu. Wembamba huo, ambao leo kijana angeucheka, ulikuwa na akili yake, kwani katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda miguuni wakati wa masika, tairi jembamba hukata tope na kushuka mpaka likakanyaga ardhi ngumu iliyo chini, ilhali tairi pana huelea juu ya utelezi na kuzunguka pasipo kwenda. Bali ubao una adui wake: jua la kiangazi huikausha mikono, ikalegea katika matundu yake na kulia kila gari linapopita shimo, na dawa iliyotumiwa na madereva wa zamani ilikuwa ni kuliingiza gari mtoni na kuliacha magurudumu majini, mpaka mbao zikavimba na kukaza. Ni elimu ile ile ya hamali wa Unguja, ila hamali alimwagia maji chuma kipate kunywea, na dereva akanywesha mbao zipate kutanuka.

Vita vya 1914 viliidhihirisha mipaka ya gurudumu kuliko kitabu chochote. Mvua zilipozivunja njia, magari yalizama hadi ekseli, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na serikali zilizokuwa zikijivunia mashine zao zikamrudia mpagazi. Na maelfu kwa maelfu ya watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya askari wa Kiingereza wametuachia jina la kambi yao, Carrier Corps, ambalo ndimi zetu zimelilainisha likawa Kariakoo. Hivyo basi mtu aendaye leo Kariakoo kununua rimu za fahari anazinunua katika uwanja wenye jina la watu waliobeba pale gurudumu lilipokataa kubeba.

Baada ya vita vya pili ndipo ikaja zama ambayo kwayo sura ya gari la bara ilikaa katika macho yetu. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, aliwaza gari la shamba litakalochukua nafasi ya jipu la Wamarekani, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam. Chuma kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo, na kwa hiyo bodi ya gari ikafanywa kwa madini ya jamii ya aluminiamu, ambayo yalipatikana kwa wepesi; lakini magurudumu hayakufanyiwa mzaha, yalikuwa ya chuma, ya inchi 16, yenye nati tano, na tairi la akiba mara nyingi likapandishwa juu ya boneti, mahali pa heshima, ambapo gari jingine lingeweka sanamu ya kung'aa. Mwili wa aluminiamu, miguu ya chuma: leo magari yanayotoka mengi yamegeuza mambo, mwili ukawa wa chuma na miguu ikawa ya aluminiamu, na ugeuzi huo peke yake waeleza mengi juu ya njia zilizokusudiwa kila zama.

Inchi 16 zile hazikuchaguliwa kwa ajili ya macho. Tairi la 7.50-16, ambalo Land Rover ndefu na baadaye Toyota Land Cruiser zimelivaa miaka mingi, lina upana wa inchi 7 na nusu, nalo hukaa juu ya rimu ya kipenyo cha inchi 16, na likisimama lina kimo cha karibu inchi 32. Toa rimu katika kimo hicho, ugawe mara mbili, utaona kwamba kati ya chuma na ardhi pana mto wa mpira na upepo wa inchi 8 hivi. Sasa chukua kimo kile kile, uweke ndani yake rimu ya inchi 20, kama wafanyavyo wapendao urembo: mto umebaki inchi 6, na robo ya kimo cha mto uliokuwa ukilibeba gari imetolewa ipate kuonekana rimu. Jiwe lililokuwa likimezwa na mpira sasa hugonga ukingo. Kadhalika mwenye tairi la mto mnene, akifika katika mchanga mwingi, aweza kupunguza upepo, tairi likajilaza na kuacha unyayo mrefu kama wa ngamia, gari likaelea. Mwenye tairi la mto mwembamba akifanya hivyo, rimu yake hukaribia kukanyaga ardhi.

Toyota nao, walioanza mwaka 1951 kwa gari lililoitwa BJ, wakalipa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na wakatoa familia ya 40 mwaka 1960 na ya 70 mwaka 1984, waliishika kanuni hiyo hiyo: rimu ya chuma, nyembamba, ya kupigika nyundo. Nyingi katika rimu hizo zilikuwa za vipande viwili, zenye pete ya kufungia, kwa maana kwamba dereva aliye peke yake porini aweza kuitoa pete kwa vyuma viwili, akatoa tyubu, akaziba, akarudisha, asihitaji mashine wala umeme. Manufaa hayo yana kodi yake. Pete ambayo haikukaa sawasawa, upepo ukijaa, huruka kwa nguvu ya kuua mtu, na kwa sababu hiyo fundi mwenye hadhari hulilaza gurudumu kifudifudi, pete ikatazama ardhi, au hulizungushia mnyororo kabla ya kufungua bomba. Nimewaona vijana wakiwacheka wazee kwa tahadhari hiyo. Wazee hawakujibu, maana aliyewahi kuiona pete ikiruka hana haja ya kubishana.

Lakini mahakama kubwa ya magurudumu katika Afrika Mashariki ilikuwa ni mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, maana ilikusudiwa kupima yale ambayo mtu wa kawaida aweza kununua. Kisha yakazoea kufanywa wakati wa Pasaka, masika yamekolea, na njia moja ikawa vumbi asubuhi na mto jioni. Waandalizi hawakuweza kuwa na hakimu mwadilifu kuliko mvua ile. Volkswagen, gari lenye umbo la kobe na magurudumu marefu membamba, lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404, yenye rimu za inchi 15, ikashinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka 1963 na ule wa 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1965 Joginder Singh, ambaye watu walimpa jina la Simba wa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yake, gari ambalo kwa sura lilikuwa limekwisha kuitwa la kizamani.

Kinyume chake tazama Mini, gari dogo la Kiingereza lililotoka mwaka 1959. Katika mashindano ya Monte Carlo, juu ya lami na theluji, lilishinda mwaka 1964, 1965 na 1967, likawa mahabubu wa Ulaya yote. Ila lilisimama juu ya vigurudumu vya inchi 10, na Safari halikupata kuishinda hata mara moja. Gurudumu dogo huingia lote katika shimo ambalo kubwa hulivuka kwa kuligusa kingo. Na mtu asidhani kwamba hayo yalikuwa ya zamani tu, kwani Safari iliporudishwa katika mashindano ya dunia mwaka 2021, ikafanywa Naivasha, magari yale yenye thamani ya kutisha, yanayovaa rimu za inchi 18 katika njia za lami, yalivuliwa rimu hizo na kuvikwa za inchi 15, ili upepo upate nafasi yake. Magari yenye fedha zote nyuma yake yalirudi katika kipimo cha Peugeot.

Mahakama ya pili haikuwa na kombe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao batili, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikajikuta imefungiwa mlango; basi madumu ya mafuta yakapakiwa katika malori Dar es Salaam, yakapanda Morogoro, Mikumi na Iringa, yakaelekea Zambia kwa njia ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na ambayo kwa ajali zake iliitwa kwa Kiingereza mbio za jehanamu. Hali hiyo iliendelea mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, na lami na reli zikafuata baadaye.

Katika safari hizo mwenye kujua gurudumu hakuwa dereva peke yake, bali utingo. Ni yeye aliyeshuka katika mlima wa Kitonga akatembea nyuma ya lori na kigogo mkononi, tayari kukitia chini ya tairi iwapo gari litarudi nyuma. Na ni yeye aliyeyakagua matairi pacha ya nyuma kila kituo, akiyagonga kwa chuma na kusikiliza, maana tairi lenye upepo hulia na lililolegea hutoa mshindo butu. Kati ya matairi mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu jiwe huingia na kukwama, nalo likiachwa hula mpira wa pande zote mbili mpaka ukapasuka, au huruka likavunja kioo cha anayefuata nyuma. Utingo hulala chini, akaling'oa kwa mtaimbo, akalitupa porini, akapanda juu ya mzigo. Katika rimu za malori yale sijapata kusikia mtu akisifu rangi. Uzuri wa gurudumu, kwa utingo, ulikuwa ni sauti.

Basi pambo lilitoka wapi? Hapa ndipo penye mafumbo yake. Gurudumu la aluminiamu, ambalo leo ni alama ya anasa, liliingia katika historia kama chombo cha kazi, pale Ettore Bugatti alipoyaleta magari yake ya Type 35 katika mashindano ya Lyon, mwezi wa Agosti 1924, yakiwa na magurudumu ya aluminiamu ya mikono minane bapa, yaliyofanywa mepesi ili yafuate njia bila ya kurukaruka, na mikono yake ikaachwa wazi ili breki zipate hewa. Siku ile matairi yalimwangusha na hakushinda. Lakini umbo lile likabaki katika macho ya watu, wakaanza kulipenda kwa ajili yake lenyewe. Miaka ya 1960 Waingereza wakatengeneza Minilite, gurudumu la magnesiamu lililokusudiwa mashindano, na haikuchukua muda sura yake ikauzwa kwa watu waliokwenda nayo sokoni na kanisani. Mwaka 1970 ilipotoka Range Rover, iliyokusudiwa kumpeleka tajiri shambani na kumrudisha karamuni, ilivalishwa magurudumu ya chuma yaliyofinyangwa kwa nakshi yapate haiba, jamii ya yale yaliyoitwa Rostyle: chuma kilikuwa kimeanza kuuonea haya uchuma wake.

Na zile boliti ndogo nilizoziona Gerezani nazo zina nasaba. Watu waendao katika majabali na mchanga, wakitaka kupunguza upepo mno, walihofu tairi lisichomoke katika rimu, wakabuni pete ya nje inayoubana mdomo wa tairi kwa boliti nyingi pande zote. Na kwa kuwa gari lenye pete hiyo lilikuwa limefika mahali pagumu, pete ikawa medali. Walipoona hayo, wauzaji wakatoa rimu zenye boliti ambazo hazifungui chochote wala hazibani chochote, zimepandwa tu usoni. Matairi ya meno mapana, ambayo mafundi wetu wameyaita matairi ya kashata kwa kuwa yamekatwa vipande kama kashata katika sinia, yamepitia safari hiyo hiyo: yalizaliwa kwa ajili ya tope, na sasa mengi hayajui ila lami, ambayo juu yake hulia kama nyuki na kwisha haraka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walakini ni dhuluma kuyahukumu mageni yote kwa sababu ya waigaji. Gurudumu jepesi lina haki yake, kwa kuwa kila ratili iliyo chini ya springi hurushwa na shimo bila ya kizuizi, na springi na shokomzoba ndizo zinazotaabika kuirudisha chini; rimu ya aluminiamu iliyofanywa kwa uaminifu, yenye kipenyo cha kiasi, hupoza breki na huzunguka sawasawa kuliko chuma kilichonyooshwa kwa nyundo mara tatu. Magari ya Naivasha hayavai chuma. Kosa huingia pale mtu anapotaka rimu itokeze nje ya bodi kwa ajili ya ubabe wa macho, akasogeza uzito mbali na mahali ulipokusudiwa, beringi zikala upande na usukani ukawa mzito; au pale anaponunua mikono myembamba iliyotengenezwa kubeba gari dogo, akaipandisha gari la tani mbili na nusu na mzigo wake. Na swali la mwisho, ambalo wazee waliliuliza kwanza, ni hili: ikiharibika huko iendako, ni nani atakayeitengeneza, na kwa chombo gani? Katika Kongwa au Turkana jibu aghalabu ni nyundo na gogo, na gurudumu lisilosikia lugha ya nyundo huko ni bubu.

Wala tusijifanye kwamba jicho halina haki kabisa. Mwafrika wa pwani aliyechonga mlango wake kwa nakshi hakudhani kwamba nakshi huufanya mlango ufunge zaidi. Alitaka mgeni ajue ameingia nyumba ya nani. Matatu za Nairobi na magari ya abiria ya miji yetu yanapong'arisha rimu zake yanasema neno hilo hilo. Lakini yule fundi wa mlango alichagua kwanza mti mgumu usioliwa na mchwa, akauweka ukauke miezi, ndipo akashika patasi. Aliyeanza kwa patasi hakuna anayelikumbuka jina lake, kwa maana mlango wake haupo.

Nilirudi Gerezani baada ya wiki mbili kwa shughuli nyingine. Lile gurudumu la chuma lilikuwa limekwenda zake, na nadhani wakati ule lilikuwa limekwisha kupindwa na kunyooshwa mara nyingine huko lilikokwenda. Lile jeusi lilikuwapo. Fundi alikuwa amelifuta vumbi, akalipaka mafuta likametameta, akalitundika kwa waya juu ya mlango wa banda lake, hata mtu akitokea mwisho wa mtaa akaliona na kujua kwamba hapa magurudumu hutengenezwa. Niliusogelea ule ufa nikautazama. Ulikuwa pale pale. Nikamwambia, “Umelipatia kazi hatimaye.” Akacheka, akasema, “Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu mwanzo, Mzee. Waliikosea mahali tu.”